Ni Nani Aliyemchoma Mtoto? Tumjue Nairobi Flai na Ndugu Zake



Masika yaliyopita, mvua ikiwa imekolea, sisi wa kikundi cha afya tuliitwa nyumba moja hapa Miritini, upande wa chini ya barabara kuu. Mtoto wa miaka minne alikuwa na alama mbili nyekundu mkononi, moja juu kidogo ya kiwiko kwa upande wa ndani na nyingine chini yake. Malengelenge yalikuwa yamefura na kuanza kutunga majimaji ya rangi ya manjano. Mama mtu alikuwa ameshakata shauri: msichana wa kazi amemchoma mwanawe kwa pasi. Msichana alilia, akaapa, akasema pasi yenyewe ni ya makaa na haijatiwa moto tangu Jumapili. Nani amsikilize? Tulipofika alikuwa ameshafunga nguo zake na kupanda matatu ya Mariakani kurudi kwao.

Mwenzetu ambaye ni muuguzi alimpakata mtoto, akaukunja ule mkono pole pole. Alama ya juu ikakutana na ya chini sawasawa, kama midomo miwili. Akamtazama mama, akasema, "Mama, pasi haichomi hivi."

Kisha akauliza taa ya chumba iko wapi. Ilikuwa juu ya kitanda cha mtoto, na dirisha halina wavu. Kwenye kizingiti cha dirisha tukamkuta mshtakiwa mwenyewe, amekufa, mwembamba kama punje ya mchele iliyovutwa. Nyumba nzima ilikuwa imemwona siku nyingi, lakini kila mtu alidhani ni chungu tu.

Ndiyo sababu ya makala haya. Wengi wetu tunalijua jina la nairobi flai, lakini mdudu mwenyewe hatumjui kwa sura. Tukikosea kumtambua, anayelipia kosa mara nyingi ni mtu asiyekuwamo.

SI NZI, NA SI WA NAIROBI PEKE YAKE

Jina lisikudanganye. Nairobi flai ni mbawakawa, jamaa ya wale wadudu wenye ganda gumu mgongoni. Mbawakawa wa kawaida huvaa koti refu: mbawa zake mbili ngumu hufunika mgongo mzima mpaka nyuma. Lakini upo ukoo mmoja wa mbawakawa ambao koti lao ni fupi kama kizibao. Linaishia mabegani, na tumbo lote limebaki nje, pingili kwa pingili. Wataalamu huuita ukoo huo Staphylinidae, na ni mkubwa ajabu. Mpaka leo wameshaandikwa zaidi ya aina 60,000 duniani, na kila mwaka wanaongezwa wengine. Wengi ni wadogo mno, milimita mbili au tatu. Wanaishi chini ya majani yaliyooza, ndani ya uyoga, kwenye mavi ya ng'ombe, kwenye mizoga na hata pwani kwenye mwani uliotupwa na maji. Chini ya kizibao kile wamekunja mbawa laini kwa ustadi ambao fundi wa hema angeuonea wivu, na wakitaka wanaruka.

Katika ukoo huo mkubwa kuna kabila moja liitwalo Paederus, lenye aina zaidi ya 600 duniani kote. Huko ndiko anakotoka nairobi flai wetu. Tunasema "anakotoka" kana kwamba ni mmoja, na hapo ndipo penye jambo.

BESENI CHINI YA TAA

Baada ya kisa kile tuliamua kujifunza kwa macho yetu. Jioni tatu mfululizo tuliweka beseni jeupe lenye maji na sabuni kidogo chini ya taa ya nje ya ukumbi wa kanisa. Asubuhi tukamwaga kwenye kitambaa na kuchambua kwa kibano, na wenzetu wawili walikuwa na vioo vya kukuzia. Kumbikumbi walijaa, nondo pia, mbu ndio usiseme. Lakini wale wembamba warefu tuliwatenga kwenye sahani, na hapo ubishi ukaanza, maana kila mmoja alikuwa na nairobi flai wake.

Tulianza kwa kutoa wasiohusika. Chungu ana kiuno kilichobanwa kama uzi, na vipapasio vyake vimekunjwa kama kiwiko. Mbawakawa wa koti fupi hana kiuno cha namna hiyo, na vipapasio vyake vimenyooka kama shanga ndogo zilizotungwa. Yupo pia mdudu mwenye koleo mkiani, ambaye watoto hudhani anaingia masikioni. Huyu naye ana koti fupi, kwa hiyo hudanganya sana, lakini ile koleo inamtoa mara moja. Nairobi flai hana koleo. Ana vijiti viwili vifupi tu mwishoni mwa mkia, na akisumbuliwa huuinua mkia juu kama nge. Msiogope mkia huo, hauna mwiba wowote.

Waliobaki kwenye sahani walikuwa ndugu wa ukoo mmoja, na hawakufanana. Walikuwapo weusi watupu, wakiwamo wadogo kuliko punje ya ufuta. Walikuwapo wa rangi ya kahawa, bapa, na mmoja mweusi mwenye kichwa kikubwa na taya za kutisha. Wote hawa hawana ile sumu. Taya zao ni kwa ajili ya funza na viwavi, wala hawana habari na sisi.

Nairobi flai tulimjua kwa rangi zake tano. Zisome kutoka mbele kwenda nyuma: kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva, koti fupi la buluu au kijani linalong'aa kama kipande cha chuma, tumbo la rangi ya chungwa tena, na ncha ya mkia nyeusi. Nyeusi, chungwa, buluu, chungwa, nyeusi. Watoto wa shule ya Jumapili walizikariri kwa dakika moja. Urefu wake ni kati ya milimita saba na kumi hivi, yaani mara nyingi hafikii hata upana wa kidole gumba. Katika mwanga hafifu ile buluu huonekana nyeusi, kwa hiyo mtazame mchana kabla hujabishana na mtu.

KIOO CHA KUKUZIA KINAPOFIKA MWISHO

Sasa mtu atauliza: hao wote wenye rangi tano ni aina moja? Hapana. Hapa Kenya majina yanayotajwa zaidi ni mawili, Paederus sabaeus na Paederus eximius, na wote wawili watu huwaita nairobi flai. Zamani kidogo, mwaka 1935, Roberts na Tonking walipoandika kuhusu mbawakawa wa Afrika Mashariki anayetoa watu malengelenge, walimtaja wa tatu, Paederus crebrepunctatus. Kwa macho matupu hawa ni kama watoto wa mama mmoja waliovishwa sare ya shule. Kwenye sahani yetu tulijaribu kuwagawa kwa ukubwa, halafu kwa mng'ao wa koti, na kila tukigawa, mmoja alijitokeza ambaye hakai huku wala kule. Tuliacha.

Mtaalamu hafanyi hivyo. Yeye humgundisha mdudu mkavu kwenye ncha ya kikaratasi, akamweka chini ya hadubini. Hupima urefu wa koti dhidi ya urefu wa kifua. Huangalia vitobo vidogo vilivyosambaa juu ya koti, kama ni vya kina au vya juu juu, vimesongamana au vimeachana. Hutazama rangi ya miguu, na rangi ya pingili za kwanza za vipapasio. Na kama bado ana shaka, kitu kinachoamua ni kiungo cha uzazi cha dume. (Msituhukumu kwa kuandika hayo katika gazeti la kanisa. Hata Nuhu ilimbidi ajue dume na jike.) Kwa ndugu wa karibu namna hii, maumbile ya nje huweza kufanana kabisa, lakini kiungo hicho kina umbo lake kwa kila aina. Basi hulainishwa, hutolewa kwa sindano nyembamba, kikagundishwa kwenye kikaratasi kile kile pembeni ya mwenyewe, ili atakayekuja miaka hamsini baadaye aone kilichoonekana. Siku hizi pia husomwa vinasaba kutoka kwenye mguu mmoja tu, lakini hata usomaji huo unahitaji kulinganishwa na mdudu aliyetambuliwa kwa njia ya zamani.

Hapa Kenya kuna hazina za wadudu za namna hiyo kwenye Makumbusho ya Taifa pale Nairobi, na pia ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilichoko Kasarani. Ni makabati na makabati ya visanduku, kila mdudu na kikaratasi chake kinachosema alishikwa wapi, lini na nani.

Na sasa sikilizeni kioja chenyewe. Ile sumu, iitwayo pederini, haitengenezwi na mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Majike wengi wanao, wengine hawana. Jike mwenye bakteria hupitisha sumu kwenye mayai yake ili kuwakinga watoto, kwa kuwa hata buibui wakionja kiluwiluwi mwenye sumu humtema. Dume hubaki na kidogo tu alichoachiwa na mama yake tangu yaini. Kwa hiyo yule aliye rahisi kutambuliwa aina yake ni dume, na yule anayetuunguza zaidi ni jike! Ndugu wawili wa aina moja, waliozaliwa shamba moja, mmoja anaweza kukuacha na kidonda na mwingine asikufanye kitu. Ndiyo maana utamsikia jirani akiapa kwamba alimponda shingoni na hakuona lolote. Huenda anasema kweli. Lakini usimfuate.

Kwa kazi ya nyumbani basi, rangi tano zinatosha. Kwa mtafiti anayetaka kujua ni aina gani imezidi baada ya mvua fulani na inazaliana wapi, hazitoshi.

ANAUNGUZAJE?

Haumi, hachomi. Sumu iko kwenye maji ya mwili wake, na humwagika pale tu anapopondwa. Anatembea shingoni, mtu yuko usingizini, anapiga kofi na kujikuna, basi amejipaka dawa mwenyewe. Saa ile huhisi kitu, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Wekundu na moto huja baadaye, mara nyingi siku ya pili, kisha malengelenge. Alama huwa mstari, kwa kuwa imefuata njia ya kidole. Ikiwa ni kwenye mkunjo wa kiwiko, goti au kwapa, sumu hugusa upande wa pili ngozi inapokutana, zikatokea alama mbili zinazotazamana. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtoto. Kidonda hukauka kwa muda wa siku kumi mpaka wiki tatu na huacha weusi unaofifia taratibu.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, wadudu hawa walizidi sana nchini, na mwisho wa 2019 mvua kubwa ziliwaleta tena. Wanapenda unyevu, majani yaliyooza na kingo za maji, na usiku hufuata taa. Fikirieni basi hapa kwetu: mitaro iliyoziba, nyasi ndefu nyuma ya nyumba, na taa za yadi za malori zinazowaka mpaka asubuhi.

MKANDA WA JESHI AU NAIROBI FLAI?

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Kosa la kumdhania mtu amechoma mtoto si kosa la pekee. Lipo lingine tunalolisikia zaidi, nalo linaharibu nyumba. Mtu anatoka na malengelenge ubavuni au usoni, na majirani wanaanza kunong'ona: ni mkanda wa jeshi, na mkanda wa jeshi wanauhesabu kuwa ni Ukimwi. Kumbe ni mdudu. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: mtu ana mkanda wa jeshi kweli, anajifariji kwamba ni nairobi flai, anapaka dawa ya meno na kukaa nyumbani.

Mkosi huu si wa kwetu tu. Kule Malaysia ndugu mmoja wa mdudu huyu, Paederus fuscipes, huitwa semut kayap. Semut ni chungu, na kayap ndilo jina lao la mkanda wa jeshi. Wameshavichanganya mpaka kwenye jina!

Tofauti zipo. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hutanguliwa na maumivu, siku moja mpaka kadhaa kabla ngozi haijaonyesha kitu. Mtu huhisi kuchomwachomwa kwa ndani. Hukaa upande mmoja wa mwili, kama mshipi uliokatwa katikati, na kwa kawaida hauvuki mstari wa uti wa mgongo wala wa kifua. Malengelenge huja kwa vishada. Nairobi flai hana maumivu ya kutangulia. Mtu hulala mzima na kuamka na moto, na alama hukaa popote palipokuwa wazi, shingo, uso, mikono, bila kujali kushoto wala kulia. Mara nyingi utasikia wengine nyumba hiyo hiyo wanazo.

Mkanda wa jeshi unatokana na virusi vile vile vya tetekuwanga vilivyolala mwilini. Wazee huupata, na mtu yeyote aliyepungukiwa kinga kwa sababu yoyote. Ukimpata kijana ni vizuri apime virusi vya Ukimwi, kwa kuwa dawa zipo na watu wanaishi nazo miaka mingi. Lakini mwenye haki ya kujua majibu ni yeye, si mtaa. Na asichelewe: dawa ya mkanda wa jeshi hufanya kazi vyema ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Ukiwa na shaka ni kipi kati ya viwili, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Muuguzi atakosa mara chache kuliko jirani.

UKIMWONA, UFANYEJE

Usimponde. Mpulize aruke, au mwekee karatasi apande, umtoe nje. Ukishamponda kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni upesi, na uoshe mikono kabla hujagusa macho au kwenda chooni, maana sumu ikiwa ingali vidoleni huhama nawe. Nguo na shuka iliyoguswa zifuliwe. Malengelenge yakishatoka usiyapasue. Weka kitambaa cha maji baridi, paka kalamini, na uache hewa ipite. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya meno vinaongeza kidonda juu ya kidonda. Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji safi muda mrefu, kisha hospitali bila kungoja asubuhi.

Usiku tandika chandarua, kagua mto na shuka kabla ya kulala, sogeza kitanda kisikae chini ya taa, na uzime taa ya nje usiyoihitaji. Mitaro tuizibue, nyasi tukate.

Shambani hadithi ni nyingine. Kule nairobi flai ni rafiki. Anakula vidukari, mayai ya nondo na viwavi wachanga. Kumpulizia dawa shamba zima kwa hasira ya kidonda kimoja ni kujinyima askari asiyedai mshahara. Mwenye mboga kando ya maji avae mikono mirefu tu.

MKITULETEA WADUDU

Wengi wameuliza kama wanaweza kutuletea. Ndiyo, lakini si kwenye kiberiti, wanafika wamesagika. Mtoe kwa karatasi, mwangushe ndani ya kichupa cha dawa kilichooshwa, utie spiriti immeze. Usimshike kwa vidole hata akiwa amekufa, mkavu naye anaunguza. Andika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti, na kikaratasi kikae ndani ya chupa: mahali hasa (si "Miritini" tu, bali karibu na nini), tarehe, saa, na kama alikuwa kwenye taa, kitandani au kwenye nyasi. Leteni wengi wa mahali pamoja, kwa kuwa katika wengi ndimo dume atakapopatikana. Vichupa vyote tutavipeleka pamoja Makumbusho.

Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alituma nauli Mariakani pamoja na mshahara wa mwezi uliokuwa haujalipwa, na maneno ya kuomba radhi ambayo alimpa mwenzetu mmoja ayapeleke kwa mdomo. Msichana alipokea mshahara. Nauli aliirudisha.